Neno Lililomfunga Ciakuthii

Mwiti hakuwa na viatu. Hakuwa na baba, hakuwa na ng'ombe, hakuwa na kamusi. Hakuwa na pasi ya kumruhusu kusafiri mpaka Embu. Hakuwa na cheti chochote ila karatasi moja ya madarasa ya jioni ya misheni, nayo ilisema amehudhuria, haikusema amefaulu. Na Alhamisi ile asubuhi, mbele ya kijiji kizima, pale tulipomwacha wiki iliyopita, hakuwa na sauti.

"Nani ameandika barua hii?" mkalimani alikuwa ameuliza, akaiinua karatasi ili kila mtu aione.

Akageuka nayo upande wa wanaume, kisha upande wa wanawake.

Kwa yule aliyeazima gazeti la jirani na kuanza nasi leo, nitasema kwa ufupi. Huu ni mwaka wa 1955, Hali ya Hatari. Serikali imewatoa watu wa Meru kwenye migongo ya milima yao na kuwapanga katika vijiji vya mistari, nyumba karibu na nyumba, handaki kuzunguka pande zote. Katika kijiji kimoja chini ya Kanyakine, mjane mmoja aitwaye Ciakuthii alipewa, yeye na binti yake Kathambi, nyumba ubavuni mwa nyumba ya homgadi, mwanakijiji aliyepewa bunduki na serikali, aitwaye Kathuri. Tangu siku hiyo hakupata raha. Kila mchana Kathuri na wenzake walikaa mlangoni pa mjane huyo wakinywa na kupiga karai kwa rungu. Walikojoa kwenye ukuta wa jiko lake. Walirusha mawe juu ya nyasi za nyumba yake kisha wakamuuliza kama mvua imenyesha vizuri. Walifungulia mbuzi kwenye maharagwe yake.

Ubao wa kijiji ulikuwa na sheria kumi na mbili, na ya saba Mwiti, ambaye wengi walimwita mwalimu kwa kuwa alijua kusoma, ndiye aliyewasomea watu: mkaaji anayesumbuliwa na jirani ana haki ya kulalamika kwa hedimani, mkuu wa kijiji, na akilalamika mara tatu bila kusikilizwa, anaweza kumwandikia Bwana D.C., mkuu wa wilaya, na lazima shauri lake liangaliwe upya. Ciakuthii alilalamika mara tatu. Mara ya kwanza hedimani alicheka. Mara ya pili alimwambia atie pamba masikioni. Mara ya tatu alimwambia ashukuru, kwa sababu homgadi akiwa mlangoni hakuna adui atakayeingia.

Basi Mwiti akamwandikia barua. Barua ilikwenda kwa D.C., mtu wa mashauri. Ikarudi mkononi mwa bwana mwingine kabisa, Mzungu wa kamati ya uchunguzi kutoka Embu, ambaye kazi yake ilikuwa kutafuta waliokula kiapo cha waasi waliopigana na serikali msituni.

Tuendelee.

"Nauliza tena," mkalimani akasema. Jina lake Mwaniki, mtu wa Embu, mrefu, na kola yake ilikuwa safi kuliko vitu vyote kijijini. "Mwandiko huu ni wa nani?"

Ciakuthii alikuwa amesimama peke yake mbele ya meza. Shuka lake lilikuwa limefungwa begani kama kawaida.

"Ni barua yangu," akasema.

"Wewe hujui kuandika."

"Najua kusema. Niliyesema ndiye mwenye barua."

Watu wachache walicheka, wakanyamaza haraka.

"Mama, usinichezee. Nani alishika kalamu?"

"Mtu nilimpata sokoni. Simjui."

"Alikuwa na sura gani?"

"Sura ya mtu anayejua kuandika," Ciakuthii akasema, akatazama mlima, akatazama meza, akatazama miguu yake. Hakutazama kabisa upande ambao Mwiti alikuwa amekaa.

Mzungu akasema neno. Mwaniki akasoma sentensi moja kutoka katika barua, polepole, kwa Kiswahili, kisha akaitafsiri kwa Kiingereza.

"Niko tayari kula kiapo mbele ya mbuzi, mimi pamoja na majirani zangu wote."

Msomaji wangu, wewe unayesoma leo kwa starehe unaweza kuyapita maneno hayo. Mwaka ule hakuna aliyeyapita. Kula kiapo. Mbuzi. Majirani wote. Mtu alipelekwa kambi ya kizuizini kwa maneno machache kuliko hayo.

Mwiti alisikia maneno yake mwenyewe yakisomwa. Alifahamu vizuri yalikotoka. Siku ile Ciakuthii alikuwa amemwambia kwa Kimeru, kwa upole, kwamba kama Kathuri atakana, wazee wawaite wote wawili kwa nthenge. Hiyo ni desturi ya tangu zamani. Wagombanao huletwa mbele ya beberu, huyo beberu huvunjwa mifupa, na kila mmoja hutamka kwamba kama anasema uongo, na yeye avunjike hivyo. Mwongo hukimbia kabla ya kufika. Ni jambo la wazee, la mchana kweupe, la kumaliza ugomvi.

Ingetosha kuandika: niko tayari kuapa. Lakini neno hilo Mwiti aliliona dogo. Alitaka Kiswahili kikubwa. Mwalimu wake wa jioni aliwahi kusema kwamba watu waliosoma hawaapi tu, wanakula kiapo. Akaandika, na Kathuri mmoja akawa majirani wote, akaipenda sentensi yake, akaisoma mara mbili.

Ciakuthii alikuwa amemuuliza, "Umeandika vile nimesema?"

Naye alijibu, "Nimeandika vizuri zaidi, mama."

"Simama tu," moyo ulimwambia sasa. "Sema ni mimi, sema maana yake ni nthenge." Magoti yake yalianza kuinuka. Ndipo Kathuri, aliyekuwa nyuma ya meza na bunduki, akageuza kichwa na kumtazama moja kwa moja, akatabasamu.

Mwiti akakaa.

Mzungu akapiga saini. Mwaniki akatangaza kwamba mwanamke huyu atapelekwa Embu, na kamati itaangalia faili yake Jumatatu saa tatu asubuhi. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetangaza siku ya soko.

*

Land Rover haikwenda mbali. Ilisimama kwenye kijito nje ya lango ili dereva atie maji kwenye rejeta. Mwiti aliteremka huko na mtungi, kama mtu aliyetumwa maji.

Ciakuthii alikuwa amekaa nyuma, mikono imefungwa. Askari wake alikuwa anaosha uso hatua chache kutoka hapo.

"Mama," Mwiti akasema.

"Usikaribie. Watakuona."

"Mama, ile barua..."

"Mwambie Kathambi maharagwe yako kwenye maji tangu jana. Ayapike leo, yatachipua." Akamtazama askari, kisha yeye. "Wewe umekula?"

Mwiti akainama, akauzamisha mtungi majini. Mama huyu alikuwa anapelekwa kifungoni kwa sababu yake, na alitaka kujua kama amekula.

"Enda," Ciakuthii akasema. "Enda, mwanangu. Umejaza mtungi."

Mwaniki alikuwa amejitenga chini ya kichaka cha mianzi, anamenya ndizi. Mwiti akamfuata huko. Sijui alipata wapi ujasiri ambao saa moja kabla haukuwapo. Labda ni kwa sababu hapa hakukuwa na watu.

"Bwana mkalimani, nyinyi watu wa Embu hamna nthenge?"

Mwaniki akamtazama kuanzia miguuni. "Tunayo."

"Basi ulijua maana ya ile sentensi."

"Nilijua."

"Mbona hukumwambia Mzungu?"

"Bwana aliniuliza karatasi inasema nini. Inasema kula kiapo." Akauma ndizi. "Hakuuliza mwenye barua alitaka kusema nini. Mimi nina watoto watano na ndugu mmoja kambini. Nikianza kujibu nisiyoulizwa, nitakaa pale nyuma na yule mama."

"Yule mama hana kosa."

"Najua."

"Alikuwa anataka watu waache kukojoa kwa jiko lake. Ni hiyo tu. Sheria ya saba inampa haki."

"Sheria ya saba mimi ndiye niliitafsiri," Mwaniki akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikateremka. "Wewe ndiye mwandishi, sivyo? Usijibu. Vidole vyako vina wino. Pale mkutanoni ungeficha mikono yako vizuri zaidi."

Mwiti akaficha mikono yake sasa, jambo ambalo halikuwa na faida tena.

"Sikiliza, kijana. Maneno ya mdomo hayaingii kwenye faili. Barua iliyomfunga inaweza kufutwa na barua tu. Aliyeandika aandike tena. Aseme neno ni lake, si la mama, na aseme maana yake. Aweke jina lake kamili, kwa sababu barua isiyo na jina tunatupa kwa moto. Na apate jirani mmoja aliyesikia zile kelele, aweke alama ya kidole chini yake. Ukikitoa kile kiapo, ndani ya faili yanabaki malalamiko ya kelele. Na malalamiko ya kelele yana haki ya kusikilizwa."

"Na huyo aliyeandika, atafanywa nini?"

Mwaniki akatupa ganda mtoni.

"Ataulizwa kwa nini alinyamaza Alhamisi. Sioni jibu lake zuri. Wewe unaliona?"

Dereva akapiga honi. Mwaniki akaanza kupanda, kisha akageuka.

"Usitumie mfuko wa barua wa kijiji. Mfuko huo unafunguliwa na homgadi. Niletee Embu mwenyewe, mkononi, kabla ya saa tatu Jumatatu."

"Mimi sina pasi."

"Mimi nimekwambia njia," Mwaniki akasema. "Miguu si yangu."

*

Kathambi alikuwa kwenye kazi ya lazima, anachimba handaki na wanawake wengine, hakuona mama yake akipelekwa. Aliporudi alikuta nyumba wazi, sufuria ya maharagwe kwenye maji, na Mwiti ameketi kizingitini. Hao wawili, kama mnavyokumbuka, walikuwa wameahidiana kuoana. Mjomba wa Kathambi alikuwa amekwisha kupokea kitita cha miraa cha kuposea kutoka kwa Mwiti, na kitita kikipokewa hakirudishwi.

"Wameniambia," Kathambi akasema. "Wanawake wote wameniambia, kila mtu kwa namna yake. Sasa wewe niambie."

Mwiti akamwambia. Hakuacha kitu.

Kathambi alisikiliza akiwa amesimama, jembe begani. Mwiti alipomaliza, Kathambi akaliweka chini taratibu.

"Mama aliulizwa nani aliandika."

"Ndiyo."

"Akafunga mdomo."

"Ndiyo."

"Na wewe ukafunga mdomo."

"Ndiyo, Kathambi."

"Lakini hamkufunga kwa sababu moja," akasema. Kisha akaingia ndani, akawasha moto, akaanza kupika yale maharagwe kama alivyoagizwa. Alipika huku machozi yanaanguka, hakuyafuta, na hakumwambia Mwiti aingie wala aondoke.

*

Ijumaa Mwiti alikwenda nyumba kwa nyumba kutafuta kidole kimoja.

Katika nyumba ya kwanza mwenyewe alisema masikio yake ni ya zamani, hayasikii tena. Mwiti akamuuliza kwa sauti ndogo sana kama ana ugoro. Akasema anao.

Katika nyumba ya pili mama mmoja alimsukuma nje kwa upole. "Mwarimu, mimi nina wasichana watatu. Yule mtu anapita hapa kila siku. Niache."

Katika nyumba ya tatu, wakati ule ule, Kathuri na wenzake walikuwa wameanza. Karai lilikuwa linalia hata kuta zinatetemeka.

"Unasema?" mwenye nyumba akapaza sauti.

"Nasema umewahi kusikia kelele kwa mama Kathambi?"

"Sikusikii, hebu sema kwa nguvu!"

"Kelele!"

"Kelele gani?" akajibu yule mtu, ameweka kiganja nyuma ya sikio, na uso wake haukuonyesha hata kidogo kwamba anatania.

Mwiti alipita nyumba kumi na moja. Watu hawa walikuwa wamelalamika wao kwa wao kuhusu Kathuri kwa miezi saba. Walikuwa wamemwita fisi, walikuwa wamemtabiria ugonjwa wa tumbo. Sasa kila mmoja alikuwa na bahati ya kulala usingizi mzito mchana.

Nyumba ya kumi na mbili ilikuwa ya mzee Kiogora, upande wa pili wa Ciakuthii. Mzee huyu alikuwa amekaa katika mabaraza ya wazee tangu kabla ya barabara kufika. Alikuwa anachonga mpini wa jembe.

"Nilikuwa nangoja uanze na mimi," Kiogora akasema. "Umeanzia mbali kwa sababu gani?"

"Niliogopa, mzee."

"Niliona. Nilikuona Alhamisi ukiinuka nusu." Akapuliza vumbi la mti. "Kijana, nthenge ni yetu. Mimi mwenyewe nimeisimamia mara nyingi kuliko meno niliyobaki nayo. Ukachukua kitu chetu cha kusema ukweli, ukakivika nguo ya watu wa msituni. Kwa nini hukuja kuniuliza?"

"Nilidhani Kiswahili nakijua."

"Unakijua. Hukumjua atakayesoma." Akatoa kidole gumba. "Lete karatasi. Nimesikia kila karai, kila jiwe, kila tusi. Andika hivyo, na uandike kwa maneno madogo."

Mwiti akainama kumshukuru. Alipoinua uso, mtu alikuwa amesimama mlangoni.

"Mwalimu," Kathuri akasema. "Nasikia unatembelea majirani. Mimi umeniacha, na mimi ni jirani pia."

*

Alimtembeza mpaka nyuma ya posti, kituo cha mahomgadi, mkono begani kama rafiki. Kathuri hakuwa mtu wa kupiga kelele akiwa peke yake. Hilo ndilo lililomtisha Mwiti.

"Unaona hii?" Kathuri akaonyesha sanduku lake la risasi. Ubavuni palikuwa na herufi nyeupe: KATHURI. "Nani aliniandikia?"

"Mimi."

"Hii K yako ina mguu mrefu, unaenda mbele kama wa panzi. Mimi sijui kusoma, lakini mguu wa panzi naujua. Alhamisi Mwaniki alipoiweka mezani ile barua, nikaona panzi yule yule mahali nilipoambiwa ni jina langu."

Mwiti akazitazama zile herufi zake.

"Sikusema. Nikikusema utapelekwa, na kijiji kitakosa mwandishi. Mimi si mtu mbaya." Kathuri akaketi juu ya jina lake. "Nataka ile nyumba tu. Nina mke wa pili anakuja na nimechoka kubanana. Ningeomba kwa hedimani, lakini nyumba ya mjane haitolewi mpaka mwenyewe ahame. Basi nilikuwa namsaidia kuhama. Yeye akakaa. Mwanamke gani huyu anarushiwa mawe miezi saba na anakaa?"

"Hana mahali pengine. Kwake kulichomwa."

"Kwa kila mtu kulichomwa," Kathuri akasema bila hasira. "Sasa nisikie. Wewe nyamaza, mimi ninyamaze. Huyo mama atakaa kambini mwaka, miwili, halafu atarudi. Wewe utamwoa Kathambi, mtapewa nyumba mstari wa juu, mbali na mimi, palipo na hewa. Nitaleta mbuzi kwa arusi. Lakini ukituma karatasi yoyote, mimi nitasema nilichoona. Na mzee Kiogora ni mzee. Nyumba yake ni ya nyasi."

Akasimama, akampiga bega mara mbili.

"Ujirani ni kusaidiana, mwalimu."

*

Jumamosi asubuhi Mwiti alikaa na karatasi mbele yake.

Nisikufiche, msomaji. Aliwaza kukubali. Aliwaza juu ya mstari wa juu na hewa yake. Aliwaza kwamba mwaka mmoja si mwingi, na kwamba Ciakuthii mwenyewe ndiye aliyechagua kunyamaza. Alipofika hapo akaona aibu mpaka akageuza uso, ingawa chumbani hakukuwa na mtu.

Akachukua kalamu. Mara hii hakutafuta neno kubwa.

"Kwa Bwana Mwenyekiti wa Kamati, Embu. Mimi naitwa Mwiti. Ile barua ya Ciakuthii niliiandika mimi kwa mkono wangu. Yeye hakusema kula kiapo. Alisema wazee wamwite yeye na Kathuri kwa nthenge, yaani waape mbele ya wazee nani anasema kweli. Neno la kula kiapo na la majirani wote niliweka mimi, kwa sababu nilitaka kuonekana nimesoma. Kosa ni langu. Ulipouliza nani ameandika nilikuwa nimekaa mstari wa nne, nikanyamaza, kwa sababu niliogopa. Mama huyu amesumbuliwa na jirani miezi saba. Amelalamika mara tatu kwa hedimani, hakusikilizwa. Sheria ya saba inasema ana haki shauri lake liangaliwe upya. Mpaka leo hakuna mtu aliyeliangalia. Naomba liangaliwe."

Chini yake alitia jina lake kamili, na chini ya jina palikuwa na alama ya kidole cha Kiogora. Mwiti alikuwa amerudi kumweleza kuhusu tishio la moto kwenye nyasi, akitegemea mzee atajitoa. Kiogora alisema nyumba hiyo alipewa na serikali, hakuipenda tangu mwanzo, akakandamiza kidole chake mpaka karatasi ikakunjika.

Kathambi akaingia na kikombe cha uji mzito. Tangu Alhamisi hawakuwa wamezungumza.

"Nisomee," akasema.

Mwiti akamsomea, kwa Kimeru, neno kwa neno.

"Umeandika jina lako."

"Nimeandika."

"Lote?"

"Lote."

Kathambi akakaa karibu naye. Alinukia moshi na udongo wa handaki. Akachukua ile karatasi ambayo hakuweza kuisoma, akaitazama kana kwamba uso wa mtu uko ndani yake.

"Hii ikifika, mama atarudi," akasema.

"Labda."

"Na wewe watakuja kukuchukua."

"Labda."

"Usiniambie labda. Mimi si kamati."

"Watakuja," Mwiti akasema.

Kathambi akalia hapo, kwa sauti ndogo, paji la uso limelala kwenye bega la Mwiti. Alilia kwa ajili ya wawili, na hakuweza kumpata mmoja bila kumtoa mwingine. Mwiti alitamani Kathambi aseme usitume. Aliogopa pia kwamba atasema usitume.

Hakusema. Kathambi alijipangusa, akaikunja karatasi, akaitia ndani ya bahasha. Gundi haikuwako. Akachovya kidole katika uji, akapaka ukingo wa bahasha kutoka mwanzo mpaka mwisho bila kuruka mahali, akaukunja, akaukandamiza kwa kiganja na kukiacha hapo muda mrefu kuliko ulivyohitajika.

"Sasa," akasema. "Peleka kabla sijaifungua."

*

Lori la Mahamed lilikuwa limesimama nje ya lango, limejaa mahindi. Mahamed alikuwa mfanyabiashara Mwislamu wa Meru mjini, Msomali, mwenye ndevu zilizopakwa hina na maneno machache. Pasi ile iliyowafunga Wameru na Waembu miguu haikumhusu yeye. Barabara yote ilikuwa yake.

"Embu leo?" Mwiti akauliza.

"Jioni, inshallah."

"Kuna barua. Ya mtu aitwaye Mwaniki, mkalimani wa kamati. Umpe mkononi. Si posta."

Mahamed hakuuliza kuna nini ndani. Aliangalia ile bahasha, akaona bado imelowa.

"Ni ya nani?"

"Ni ya mama mmoja anayesumbuliwa na jirani."

"Na hiyo inataka kupelekwa hivi?" Mahamed akatikisa kichwa. "Dunia imeharibika. Leta."

Akaiweka juu ya kiti cha abiria, akaifunika kwa mkeka mdogo wa kuswalia, akapanda, akawasha injini. Mwiti akarudi nyuma hatua moja. Kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi alivuta pumzi ikafika chini.

Lango likafunguka. Kathuri akatoka, koti la homgadi limefungwa vifungo vyote, bunduki begani, na chini ya kwapa kifurushi cha chakula cha safari.

"Mzee Mahamed, ngoja," akasema. "Nipe nafasi mpaka Embu. Kamati imeniita Jumatatu, nikaseme habari za yule mwanamke."

Mahamed alimtazama Mwiti kwa muda mfupi sana. Mtu hakatai kumbeba homgadi mwenye bunduki.

"Panda," akasema.

Kathuri akafungua mlango, akampungia mwalimu mkono kwa upole, akaketi juu ya mkeka. Lori likatikisika, likashika barabara ya Embu, na barua ikaenda chini yake.